Neno Keep, na Kilio cha Naviundu

Vijana wangu wa darasa la Kiingereza, mmenichosha. Tangu mwalimu wenu aniombe niwaandikie kidogo juu ya kazi ya ukalimani, siwezi tena kwenda kununua mkate hapa Makomeno kwa amani. Mmoja wenu ananishika shati: "Papa Interprète, *keep* kwa Kifaransa iko nini?" Anataka neno moja tu, alitie mfukoni, aende zake. Nikimjibu kwamba inategemea, ananitazama kama mzee mchoyo aliyeficha nyama chini ya bukari, ugali wetu wa huku.

Haya, leo nimekaa chini. Ila msinidai mpangilio. Nitaeleza kama kuku anavyochakura, huku kidogo na kule kidogo, na mwisho nitawaambia jambo moja lililonipata kwenye kilio, matanga ya mtu, kule Naviundu, ambalo mpaka leo sipendi kulikumbuka nikiwa peke yangu nyumbani.

Wengi wenu mkisikia *keep* mnakimbilia *garder*. Si kosa, lakini mtaanguka mapema. Mwenye kuku anawa-*keep*, na Kifaransa chake ni *élever*, sisi tunasema anafuga. Mwenye duka naye ana-*keep* duka lake, hapo ni *tenir*. Ahadi pia ni *tenir*, kwetu ni kutimiza. Mpishi akiuliza kama nyama ita-*keep*, usimtafutie mlinzi wa nyama. Ni *se conserver*, anataka kujua kama itakaa bila kuoza. *Keep quiet* ni *se taire*, nyamaza. *Keep walking* ni *continuer*, endelea na safari yako. Na rafiki yako akichelewa, ukamuuliza kwa Kiingereza nini kime-*keep* yeye, Kifaransa kinataka *retenir*, yaani nini kilimshika njiani.

Mnacheka, mnasema hayo yote yako kwenye simu. Ni kweli, mjukuu wangu alinionyesha. Simu inajua, tena inasema kwa sauti ya kike yenye adabu. Sina ugomvi na simu. Ila wakati wetu simu haikuwepo, na bei ya kukosea tulilipa wenyewe.

Kampuni moja ya kuchimba, barabara ya Kasomeno, iliagiza kibao cha Kiingereza kinachosema *Keep out*. Mchoraji wa vibao, bila kumuuliza mtu, akakitia Kifaransa chake: *Gardez dehors*. Walinzi wakakisoma asubuhi. Watu watiifu wale! Wakabeba viti vyao, redio na sufuria ya mahindi, wakatoka nje ya ua wote, wakaanza kulinda nje. Ndani hakubaki mtu. Nilipofika, mkubwa wao alinipigia saluti akiwa upande wa barabara. "Papa, banasema tulinde inje. Siye tunafanya paka vile banaandika, vile tu." Nilicheka mpaka nikashika ua wa waya. Mwenye kampuni hakucheka.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Ngalula, mtoto wa watu waliotoka Kasai zamani, mwanamke mfupi, mkali, aliyevaa miwani kwenye kamba. Alikuwa amefundisha shule kabla ya kuingia ukalimani na hakuwahi kuacha tabia ya kumpiga mtu vidole kwa kalamu. Nilimletea orodha yangu ya maana za *keep*, nikiwa na furaha ya mtoto aliyeoga mwenyewe. Akaisoma, akanirudishia.

"Weye, hii iko mali ya kasuku," akasema. "Sikiya muzuri. Mu kila *keep* kuko kitu kinataka kwenda. Nyama inataka kuoza. Kuku anataka kukimbia. Kinywa kinataka kusema. Utafute kile kinataka kwenda, na Kifaransa itakuya yenyewe."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijapata fundisho jingine lililonifaa kama hilo. Liandikeni.

Fundisho lake la pili lilinigharimu zaidi. Mkalimani, alisema, hasemi "yeye anasema." Mkalimani anasema "mimi." Mzungu akisema ana njaa, wewe unasema: mimi nina njaa. Mama akisema amefiwa, wewe unasema: mimi nimefiwa. Unakaa nyuma ya bega la yule unayemsemea, karibu kiasi cha kumsikia akivuta pumzi, unatazama chini, unamwachia kinywa chako. Huongezi neno, hupunguzi neno, humsaidii mtu kuwa mzuri kuliko alivyo.

Nilitii, nikakiona cha moto. Msimamizi mmoja wa visima alisimama mbele ya wafanyakazi akasema kwa Kiingereza kwamba anawaona wavivu. Nami, mwanafunzi mwema, nikatoa kifua: "Mimi ninawaona ninyi ni wavivu." Walinikimbiza kuzunguka tangi la maji. Hata asubuhi ya pili, mama aliyekuwa anauza mikate ya mafuta pale langoni alifunika beseni lake aliponiona. "Njo weye ulisema bwana yangu iko muvivu? Enda ukule maneno yako." Nilifanya kazi siku nzima na njaa.

Mama Ngalula aliposikia, alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. Aliniambia nijihadhari na kitu kingine, si watu wa tangi. Alisema ukimkopesha mtu kinywa kwa muda mrefu, anazoea njia. Nilidhani ni maneno ya mwanamke aliyechoka. Sikumuuliza zaidi, naye sasa ni marehemu.

Sasa nije kwa Joshua.

Joshua alikuwa dereva wa malori makubwa, mtu wa Zimbabwe. Alikuja na mzigo, akampenda Odette, binti wa Kilamba, familia ya hapa hapa tangu kabla ya migodi, akajenga Naviundu karibu na mto. Walizaa Grâce, aliyekuwa ameanza shule ya msingi, na Josué, aliyekuwa bado ananyonya kidole. Nilimfahamu kwa mbali tu. Nilijua kwamba Kiswahili chake cha Lubumbashi kilikuwa kimenyooka kuliko cha wanangu.

Nilikuwa nimeshastaafu Odette, ambaye wote tulimwita Mama Grâce, alipogonga kwangu, kitambaa kimemteleza kichwani.

"Papa, unisaidiye. Bwana yangu AVC ilimupiga. Anasahau Swahili yote."

"Anasahau namna gani?"

"Anasema paka Kiingereza tu. Ananiangalia, analia, anasema. Miye sisikie hata neno moja. Papa, bwana yangu iko anakufa, na siye tunabakia kama bageni."

Nilikwenda. Nilimkuta hospitalini, na ilikuwa kweli. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono, mguu, na Kiswahili. Kilibaki Kiingereza, na mara moja moja lugha ya mama yake, ambayo pale hakuna aliyeijua. Maneno ya mke wake yalimpita kama mvua juu ya mabati. Nikavuta kiti, nikakaa nyuma ya bega lake, mgongo ukutani, nikafanya kazi niliyoizoea.

Neno lake la kwanza lilikuwa *keep*. Alitaka mlango usifungwe. *Laisser*, vijana, *laisser ouvert*. Tazameni, hata *garder* haikuitwa. Nikasema, "Odette, uache mlango wazi." Mama Grâce akaweka mikono mdomoni. Kisha Joshua akauliza kwa nini amekata nywele, nami nikauliza, na yule mwanamke akacheka na kulia pamoja, akamjibu, nikampa jibu. Walizungumza mpaka muuguzi akatufukuza. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Kazi hii ina siku zake nzuri, nisiwafiche.

Nilikwenda kila alasiri. Na kidogo kidogo mambo yakaanza kubadilika. Mama Grâce aliacha kututazama, alifumba macho, akasikiliza sauti yangu tu, akajibu "ndiyo, bwana yangu." Nami nikaanza kuwa mwepesi mno. Nilimaliza sentensi pamoja naye. Baadaye nikawa naanza pamoja naye. Alasiri moja nikasema, "Miguu yangu inasikia baridi," Mama Grâce akaamka kutafuta blanketi, na Joshua akageuza kichwa kwa shida, akanitazama. Hakuwa amesema kitu. Niliona mdomo wake ulivyofungwa. Kisha akakubali kwa kichwa, polepole, na nilipogusa miguu yake ilikuwa ya baridi kama chuma asubuhi.

Nilijiambia nimeisoma usoni mwake. Ndivyo mzee aliyesoma anavyojiambia. Lakini nilikuwa nyuma yake, vijana. Uso wake sikuuona.

Siku chache baadaye alisema jambo ambalo ndilo lililoleta yote. Alimwita Odette kwa jina, akasema awa-*keep* watoto. Maneno machache, basi. Nikasema, "Odette, watoto wabaki na wewe." Akaitikia. Hakueleza sababu, na mkalimani haulizi sababu.

Alikufa asubuhi, mimi nikiwa kwangu nanyoa ndevu. Mke wangu anasema alinisikia bafuni nikisema Kiingereza kwa nguvu, kwamba mlango ufunguliwe. Alikuja kutazama. Mlango ulikuwa wazi. Mimi sikumbuki kusema kitu. Simu ya Mama Grâce ililia kabla sijakausha uso.

Kaka yake Joshua alikuja kwa barabara kutoka kwao, akawahi maziko. Aliitwa Elias, mtu mkubwa, suti nyeusi, mwenye sauti ya kanisani. Msimchukie. Alichimba mchanga kwa mikono yake kaburini, akawabeba watoto wa ndugu yake mabegani siku zote za kilio, akamnunulia Josué viatu. Lakini kilio kilipokaribia kwisha akaomba familia mbili zikutane, na kila mtu alijua anachotaka. Alitaka kuondoka na watoto.

Tulikutana alasiri, chini ya turubai kwenye kiwanja cha marehemu. Upande mmoja Elias, peke yake. Upande wa pili Mama Grâce na kaka yake mkubwa, Yaya Dieudonné, na wazee wa Kilamba. Watoto walikuwa wamekaa mkekani na mama yao. Nje ya ua gari lilikuwa linamngoja Elias, limpeleke mpaka Kasumbalesa, mpakani. Mimi niliitwa kwa sababu hakukuwa na mwingine. Nikachukua kiti cha plastiki, nikakaa, nikatazama chini.

Elias alisema vizuri. Alisema kwao watoto ni wa damu ya baba. Ana nyumba, ana shule karibu, atawa-*keep* kama wake. Nikasema: "Mimi nitawalea kama wangu."

Yaya Dieudonné akajibu. "Siye Balamba, mutoto ni wa mama. Toka zamani. Na tena Joshua mwenyewe alisema batoto babakie hapa."

Nikaligeuza kwa Kiingereza. Elias akainua mkono, bila hasira.

"Nani alimsikia? Shemeji yangu hapa hajui Kiingereza. Ninyi nyote hamjui. Mtu mmoja tu alisikia, naye anaishi kati yenu." Akanionyesha kwa kidole. "Simtukani mzee huyu. Lakini siwezi kuacha damu ya ndugu yangu kwa neno la kinywa kimoja."

Ilinibidi nilitafsiri hilo pia: kwamba mimi, Elias, siwezi kukiamini kinywa hiki. Kinywa chenyewe ndicho kilichosema. Naapa lilikuwa neno la haki. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Mama Grâce akamvuta Grâce mapajani. Wazee wakatazamana. Elias akajipangusa uso, akainama kumwambia mtoto mdogo avae viatu vyake vipya. Josué akaanza kuvaa, kwa furaha, kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nilisikia turubai likipigwa na upepo.

Ndipo nikasikia Kiingereza, na kilikuwa kinatoka kwangu.

"Elias, ulikuwa unafunga mguu wangu na wako kwa kamba ya gome, nisitoroke kurudi kwa mama. Kila nikijigeuza, ulivuta. Waache hawa."

Kisha, kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikageukia upande wa pili nikaligeuza kwa Kiswahili, neno kwa neno, mguu, kamba, mama, waache hawa. Nilimaliza, nikatazama chini, nikangoja anayefuata.

Hakufuata mtu. Nikainua macho. Wote walikuwa wananitazama.

"Papa," Yaya Dieudonné akasema kwa sauti ndogo, "ni nani anasema ile?"

Nilitaka kumwonyesha. Mkono wangu ulianza kwenda mbele, kwa mazoea, kuelekea bega la yule ninayemsemea. Mbele yangu palikuwa na kiti kingine cha plastiki, cheupe, karibu kiasi cha kumsikia mtu akivuta pumzi. Hakikukaliwa na mtu. Kati ya nafasi zote pale chini ya turubai, mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya kiti kisicho na mtu, tangu mwanzo wa mkutano, na nilikuwa sijakiona. Niliogopa, vijana. Niliogopa kama mtoto.

Elias alikuwa amepiga magoti, kiatu cha Josué mkononi.

"Alikuambia hospitalini?" akaniuliza.

"Hapana."

"Baba yetu alipokufa, ndugu zake walituchukua kutoka kwa mama. Joshua alikuwa kama huyu." Akamgusa Josué. "Alitoroka kila mara. Wakaniambia mimi ndiye mkubwa, nimshike. Kamba ile niliisuka mwenyewe. Tuliijua sisi wawili. Sijamwambia hata mke wangu."

Nikayageuza hayo kwa Kiswahili. Mama Grâce alikuwa analia bila kelele. Elias akamvua Josué viatu, kimoja, kingine, akavipanga vizuri kando ya mkeka.

"Wabaki na mama yao," akasema. "Mwambie. Wabaki."

Nilimwambia. Sijui kama nimewahi kutafsiri neno kwa furaha kama ile, pamoja na hofu yangu yote.

Nilidhani yamekwisha, nikataka kusimama. Elias akanizuia kwa mkono. Hakunitazama mimi; alikitazama kile kiti.

"Muulize kama alinisamehe."

Mama Grâce hakuelewa. "Papa, iko anasema nini?" Nikamweleza. Akafumba macho, kama alivyozoea hospitalini, akangoja sauti yangu. Wote wakangoja.

Mnajua jinsi ilivyokuwa rahisi? Kwa Kiingereza ni maneno matatu, *I forgave you*, nilikusamehe. Nilikuwa nayo ulimini, yamekamilika, na yule mtu mkubwa alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi mbele yangu, na kila aliyekuwa pale angeyaamini. Ningeyasema, angerudi kwao mzima. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Nilisikia upepo, nikasikia kuku wa jirani, nikasikia Grâce akivuta makamasi. Nilimwomba Joshua moyoni aseme. Chochote, hata kwa lugha ya mama yake.

Dereva akapiga honi nje ya ua.

"Hasemi," nikamwambia Elias.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi nitangoja kidogo," akasema, akakaa chini palepale, uso kwa uso na kile kiti, mikono magotini. Honi ikalia tena. Ilipolia mara nyingine akasimama, akawashika watoto vichwa, akamwinamia mama yao, akaenda kwenye gari peke yake.